Ulionyimwa viza, tupeane uzoefu: walikuandikia sababu gani?

DerevaKiembeSamaki
Wakuu, salaam. Leo asubuhi nimempokea uwanja wa ndege hapa Zanzibar kijana mwanafunzi kutoka Ulaya, begi mgongoni, kandambili miguuni. Njiani kwenda Paje ananambia hakuwa na mpango wa kuja, aliona tiketi rahisi Jumanne akakata. Dola 50 za viza kalipa pale pale, muhuri, katoka. Hakuna aliyemuuliza ana kiasi gani benki wala kama kaoa.

Nikanyamaza nikaendesha. Miye dada yangu kaolewa kwao huko huko, kajifungua 2023. Shemeji kaandika mwaliko, kanidhamini kwa mshahara wake. Nikapanda boti mpaka Dar, nikalipa yuro 80, nikapeleka kadi ya gari, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto watatu. Baada ya wiki tatu karatasi ikaja, kisanduku kimetiwa alama: wana shaka kama nitaondoka kabla viza haijaisha. Mwisho wa 2024 nikarudia, ada ishapanda, yuro 90. Kisanduku kile kile, na pesa hairudi. Mtoto sasa anazungumza, mjomba wake anamjua ni mtu wa kwenye simu. Nani mwengine?

MamaTausi
Kisanduku hicho nakijua. Nina viwili.

Jongoo_Mjini
Kosa lako akaunti. Kopa milioni kumi, weka wiki moja kabla, piga chapa stetimenti, rudisha.

KaraniMstaafu
Usimpoteze mwenzio. Hapo ndipo wanapokukamatia, wanataka kuona miezi ya mzunguko, pesa inaingia inatoka. Anza na Dubai, halafu Uturuki, pasipoti ichafuke mihuri. Pasipoti nyeupe inawatisha.

Jongoo_Mjini
Kwa hiyo ili mtu akaone mtoto wa dada yake azunguke kwanza dunia nzima? Basi bora aoe mzungu, njia fupi.

DerevaKiembeSamaki
Mke wangu anasoma humu.

Wambui_wa_Thika
Mimi yangu si viza, ni chuo cha ng'ambo. Nimefundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne, digrii nimeandika kwa Kiingereza, nikaambiwa nifanye mtihani wa Kiingereza nithibitishe nakijua. Nikalipa, nikafaulu, nafasi ya masomo ikasogezwa, na hicho cheti kinakufa baada ya miaka 2. Nikafanya tena.

MamaTausi
Kiingereza walikileta wenyewe, sasa wanakuja kukagua kama hakijaoza.

MzeeWaChapuo
Umenikumbusha jambo nililoapa kutolisema. Mimi ni wa kikundi cha ngoma, Bagamoyo. Tulialikwa kwenye tamasha, nchi siitaji. Tulikuwa saba: wapigaji wanne, wachezaji wawili na mwimbaji wetu, mama mtu mzima, sitini kashaipita. Wenyeji walilipa tiketi, malazi, bima, kila kitu. Siku ya kuchukua pasipoti tulikaa kwenye ukingo wa barabara tukafungua bahasha moja moja. Sita zina viza. Ya mama haina. Hana mwajiri, hana mume, akaunti yake haina mzunguko. Bibi mwenye minazi yake, wajukuu kumi na mmoja na kaburi la mumewe nyuma ya nyumba, ndiye waliyeogopa atazamia asirudi!

Tukasema hatuendi. Mama akatufukuza: nendeni, pesa ya watu ishalika. Akakaa mkekani, tukamrekodi kwa simu nyimbo tisa, kuku wanalia nyuma. Kule jukwaani tukaiegemeza simu kwenye maikrofoni, sisi tukapiga taratibu tusiifunike sauti yake. Watu walisimama wote. Baadaye bibi mmoja wa kule akanifuata kuniuliza kwa nini hatukumleta mwimbaji. Nikamwambia kwa Kiingereza changu hiki cha kuungaunga: iulize serikali yenu.

Pabaya penyewe ni hapa. Asubuhi ya kurudi, kwenye basi tukajihesabu watano. Aliyekosekana ni kijana wetu wa chapuo, ile ngoma ndogo, mwenye mke, mwenye barua ya mwajiri, akaunti safi, kila walichokitaka alikuwa nacho. Kitanda kimetandikwa, yeye hayupo.

MamaTausi
Weee!

KaraniMstaafu
Hao ndio wanaotuharibia. Mmoja akizamia, mia wanafungiwa mlango.

Jongoo_Mjini
Mlango ulikuwa wazi lini? Mama wa watu alinyimwa kabla huyo kijana hajazamia. Soma tena.

KaraniMstaafu
Kijana, usinifundishe kusoma.

Salma_Muscat
Mimi nilipoomba kuja huku Oman kufanya kazi za ndani viza ilitoka upesi mpaka nikashangaa, mikono yangu ilikuwa inatakiwa. Miaka sita baadaye nina akiba, nikaomba kwenda Ulaya kutembea siku kumi tu. Nikanyimwa. Kufagia naruhusiwa, kutembea ndiyo shida.

Mwanachuo88
Kuna mchumi, Branko Milanovic, alipiga hesabu akakuta zaidi ya nusu ya tofauti za vipato duniani zinaelezwa na nchi mtu anayoishi. Bidii yako na elimu yako vinagawana kinachobaki na bahati.

Jongoo_Mjini
Prof, hesabu hiyo wangempa dereva asingelipa yuro 90 kuipata.

Mpemba_Halisi
Mnalalamika sana. Na sisi si tunawatoza? Tangu Oktoba 2024 mgeni wa nje anayeingia Zanzibar analipa bima, mtu mzima dola 44. Mmarekani viza yake dola 100.

Salma_Muscat
Kutozwa ni kutozwa, anaingia. Wewe unatozwa na unabaki nje.

Kapumba_Lubumbashi
Sisi huku hata kufika kwenye dirisha ni safari. Ubalozi uko Kinshasa, na kutoka hapa kwenda Kinshasa ni ndege. Nimepanda ndege kwenda kuomba ruhusa ya kupanda ndege. Walikataa.

Mpemba_Halisi
Nendeni Kigali basi, tangu 2023 Rwanda imesema Mwafrika yeyote haombi viza.

DerevaKiembeSamaki
Dada hakujifungulia Kigali, ndugu yangu.

Wambui_wa_Thika
Mzee wa chapuo, usituache hewani. Huyo kijana yuko wapi sasa?

KaraniMstaafu
Yuko wapi? Anabeba maboksi, kaacha mke anahangaika. Msaliti tu.

MzeeWaChapuo
Huyo mnayemtukana ni mkwe wangu. Mke aliyemwacha ni binti yangu. Nilikaa mwaka mzima sipokei simu yake. Mwezi uliopita mwimbaji wetu alilazwa, na dawa zote alilipa yeye. Mama anamwita mwanangu. Mimi bado sijajua nimwite nani.

KaraniMstaafu
Samahani mzee.

MamaTausi
Na simu yenye nyimbo unayo bado? Tuwekee humu tusikie.

MzeeWaChapuo
Ninayo. Kioo kimepasuka ila inaimba.

DerevaKiembeSamaki
Mzee, nimekusoma mara mbili. Ndege ya mchana inatua, acha nikawapokee wageni. Nikirudi nitaendelea.

Jongoo_Mjini
Mkuu kabla hujaondoka, uwanjani mpaka Paje siku hizi ni bei gani? Nina shemeji anakuja Ijumaa.