ECHO au MRI ya moyo: mapigo yakivurugika, ipi ianze?

Binti Kibosho: Habari wakuu. Mama yangu mapigo yanaruka ruka, mara yanakimbia. ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, inaonyesha chemba za juu za moyo zinatetemeka badala ya kupiga. Daktari hapa Moshi kaandika ECHO (ultrasound ya moyo), ila mjomba aliyeko Arusha anataka tuuze ng'ombe tukatafute MRI, ile mashine ya picha ya sumaku, maana ndiyo inayoona nyama ya moyo yenyewe. Mnasemaje?

Mzee wa Njiro: Mfuateni daktari. Ng'ombe abaki kwanza.

Mpiga Picha: Pole kwa kuuguza, dada. Mjomba hajasema uongo. Kwenye MRI mgonjwa huchomwa gadoliniamu, dawa ya kung'arisha picha, mshipani. Baada ya dakika kumi hivi au zaidi nyama yenye afya imeshaiachia, kovu bado limeishika, kwa hiyo linang'aa. Kovu halipitishi umeme. Umeme hulizunguka kama maji ya mfongo yanavyozunguka jiwe, hupenya polepole kwenye kijia cha nyama iliyobaki hai, kisha hurudi ulikotoka na kuanza mzunguko upya. Hapo ndipo moyo unapokimbia. Kwa makovu ya ventrikali (chemba za chini), MRI naipa namba moja. Ila tatizo la mama liko kwenye atiria (chemba za juu), na ukuta wake ni milimita chache tu. Kovu la humo hata wazoefu huhangaika kulisoma.

Nesi wa Sakina: Naongezea: huku kwetu valvu nyingi (milango ya moyo) zimeharibiwa na homa ya rumatiki ya utotoni. Valvu ya mitrali, iliyo kati ya atiria na ventrikali ya kushoto, ikibana, damu hurundikana, atiria ya kushoto hutanuka, halafu huanza kutetemeka. ECHO inaliona hilo palepale, na likionekana, dawa ya kuzuia damu kuganda huwa ni warfarin, na INR, kipimo cha damu inavyochukua muda kuganda, inapimwa mara kwa mara. Tafadhali msichelewe, donge likitoka humo likafika kwenye ubongo ni kiharusi.

Binti Kibosho: Na donge lenyewe ECHO italiona?

Mpiga Picha: Ya kifuani mara nyingi hulikosa. Kuna ECHO ya kooni: mpira mwembamba hupitishwa hadi nyuma ya moyo na kuchungulia kifuko cha atiria ya kushoto, madonge hujificha humo. Asile kitu kabla. MRI ikija kuhitajika, apimwe figo kwanza, na kama ana betri ya moyo semeni mapema.

Binti Kibosho: Asanteni sana. Kesho tunampeleka hospitali ya KCMC kwa ECHO, mjomba nitamsomea haya leo jioni.