Mbali na kuliona Ziwa Ngosi, tufanye nini Rungwe?

Swali: Ndugu zangu, mwezi wa pili nitawapeleka wazazi wangu walione Ziwa Ngosi, lililomo ndani ya kreta katika milima ya Poroto. Kwa kuwa baba hawezi tena kupanda mlima mrefu, naomba mnielekeze mambo mengine ambayo wageni wengi huyapita bila kuyaona.

Jibu la 1: Dada, mpeleke mzee Daraja la Mungu, daraja la mwamba lililojengwa na asili juu ya Mto Kiwira.

Jibu la 2: Umechagua majira mazuri, kwani kati ya Desemba na Aprili uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, hufunikwa na maua, yakiwemo okidi za aina nyingi. Wabebee wazazi masweta mazito na makoti ya mvua. Baridi ya huko si ya kubezwa.

Jibu la 3: Waulize pia wazee wa Kinyakyusa habari za kipunji, kima wa msitu wa Mlima Rungwe, ambaye wawindaji walimjua kabla wanasayansi hawajamtangaza mwaka 2005. Mazungumzo hayo, nikiwa mgeni, niliyathamini kuliko picha zote nilizopiga.