Bi mkubwa kashasaini nyumbani, naweza kupeleka karatasi tu zigongwe muhuri?

Kitindamimba:
Wakuu habari zenu. Marehemu mzee aliacha akaunti nje ya nchi, huko anakoishi kaka yangu, sasa bi mkubwa anataka kumpa kaka hati ya uwakilishi aishughulikie. Benki wametuma fomu, wanasema isainiwe mbele ya notari pablik, yaani mtu mwenye ruhusa ya kisheria kushuhudia sahihi za watu kwenye hati. Mama miguu inamsumbua, nikaona nisimtese, nikampelekea fomu kitandani akasaini, nikabeba na kitambulisho chake nikaenda. Wakili ambaye ndiye notari kaniuliza mwenye sahihi yuko wapi, nikamwambia nyumbani, karatasi akanirudishia hata hajazisoma! Nimeumia kwa kweli, sahihi ni ya mama, hajalazimishwa na mtu na mimi ni mtoto wake wa kumzaa. Kwani kazi yao si kugonga muhuri tu? Nijaribu kwingine?

Mzee wa Mafaili:
Usijaribu kwingine mkuu, huyo ndo anaijua kazi. Muhuri wa notari hausemi kwamba yaliyoandikwa mle ni kweli, unasema fulani alifika mbele yangu tarehe hii, nimeangalia kitambulisho nikaridhika ndiye, na amesaini kwa hiari yake. Akigonga bila kumuona mama atakuwa kaandika uongo, hati ikija kupingwa mahakamani inaweza kuanguka na yeye anaweza kufutiwa ruhusa ya kazi. Na hilo la mtoto wa kumzaa, samahani kukwambia, wazee wengi wanaodhulumiwa mali wanadhulumiwa na watoto wao. Najua siyo wewe, lakini yeye atajuaje?

Kitindamimba:
Hapo nimekuelewa. Kwa hiyo hii aliyosaini imeshaharibika?

Mzee wa Mafaili:
Soma maneno ya chini pale notari anapojaza. Kama ni kiapo lazima asaini pale pale notari akiona. Kama ni kukiri sahihi tu, sehemu nyingi wanakubali awe kashasaini ilimradi mwenyewe atamke mbele ya notari kwamba ni yake. Ila benki yenu wameshasema isainiwe mbele yake, sasa ubishi wa nini, printi nyingine. Jaza kila kitu uache sahihi na tarehe tu, maana nafasi tupu mtu anaweza kuja kujazia baadaye. Jina lifanane na la kitambulisho herufi kwa herufi na kitambulisho kisiwe kimeisha muda.

Mama Pacha:
Pole na kuuguza mdogo wangu. Muulize huyo wakili kama anaweza kuja nyumbani, wapo wanaokubali. Akitaka kuongea na mama peke yake tokeni chumbani na msinune, anataka kujua kama mama anaelewa anachosaini. Sisi bibi yetu hakujua kusoma, alisomewa yote kwa lugha yake akaulizwa ameelewa nini, ndo akaweka dole gumba mbele ya mashahidi. Hati nzuri kabisa, tukaituma nje ikarudishwa, kumbe ilitakiwa apostili! Nililia siku ile.

Kitindamimba:
Apostili ndo nini tena dada?

Mama Pacha:
Ni cheti cha serikali kinachothibitisha kwamba sahihi na muhuri wa notari wako ni halali. Imetokana na mkataba wa Hague wa 1961, na inafanya kazi kama nchi zote mbili zimo kwenye mkataba. Kama mojawapo haimo basi hati inapita kwanza wizara ya mambo ya nje halafu ubalozi wa nchi inakokwenda. Sasa kaka aiulize benki mapema wanataka ipi, na wakujibu kwa maandishi.

Njia Panda:
Mbona Marekani notari wanashuhudia sahihi kwa video? Jimbo la Virginia wameruhusu tangu 2012.

Mzee wa Mafaili:
Kweli, lakini anayepokea hati ndo mwenye neno la mwisho. Na notari wa nchi moja siyo wa nyingine mkuu, Marekani wengi wao hata siyo mawakili, Ufaransa notari ni mwanasheria kamili na hati anaiandaa mwenyewe. Benki ikisema haitaki ya video imeisha hiyo.

Kitindamimba:
Mrejesho wakuu. Yule yule aliyenirudisha kakubali kuja nyumbani Alhamisi, fomu mpya nimeshaprinti. Kaka kawaandikia benki na wamejibu wanataka apostili. Dada Mama Pacha asante sana, hiyo nisingeijua kabisa.