Viungo vya pai ya boga nimesaga mwenyewe vimetoka vichungu, nimekosea wapi?

DadaWaMinnesota

Habarini wapendwa, naombeni msaada wa haraka. Niko Minnesota huku Marekani, majani yameshapukutika karibu yote na asubuhi nakuta barafu kwenye kioo cha gari. Ndo msimu wao wa maboga huu, kila duka unaloingia linanukia mdalasini, mpaka mishumaa wanaitia. Kazini kila mtu analeta chakula kabla ya sikukuu yao ya Thanksgiving, mi nikajitolea pai ya boga.

Sasa dukani kuna kikopo cha viungo vilivyochanganywa tayari kwa ajili ya hiyo pai, nikakigeuza nyuma nikasoma nikakuta ni mdalasini, tangawizi, kungumanga, karafuu na kitu kinaitwa allspice. Nikasema hivi si ndo viungo alivyonifungia mama kutoka Unguja mwezi wa saba, vipo kabatini, kwa nini ninunue. Nikasaga. Nilipima kijiko kikubwa kimoja cha kila kitu ili viwe sawa, na allspice kwa vile sina nikaweka karafuu kijiko cha pili. Nikapika pai ya majaribio Jumapili.

Jamani, ulimi ulikufa ganzi kama nimetoka kung'oa jino. Mwanangu ana miaka 6, akaonja mara moja akaweka kijiko chini akaomba maji. Imeniuma kwa sababu karafuu za mama ni nzuri mno, ukifungua ule mfuko nyumba nzima inanukia kwetu, sitaki kuzitupa nikanunue kikopo. Nipeni vipimo vya kweli, na hiyo allspice ni nini, na je viungo nivikaange kwanza kama tunavyofanya bizari ya pilau?

Shangazi_Toronto

Pole mwanangu, kosa lako ni hapo pa kuvilinganisha. Karafuu haikai sawa na mdalasini hata siku moja, mdalasini ndo mwenye nyumba hapo na wengine wote ni wageni. Mi natumia hivi mwaka wa 11 sasa: mdalasini vijiko vikubwa 3, tangawizi kavu vijiko vya chai 2, kungumanga vijiko vya chai 2, allspice kijiko cha chai 1 na nusu, karafuu kijiko cha chai 1 na nusu. Ukihesabu utaona karafuu ni moja kwa sita ya mdalasini, we uliweka mbili kwa moja, lazima ulimi ufe ganzi.

Allspice siyo mchanganyiko kama jina linavyodanganya, ni tunda moja la mti wa kule Jamaika na jirani zake, linachumwa bichi likakaushwa, ukiliona utadhani pilipili manga iliyonenepa. Hapa Toronto mi nanunua kwa Wajamaika, wao wanaita pimento. Usipopata, kila kijiko cha chai cha allspice weka nusu kijiko mdalasini, robo kungumanga, robo karafuu. Robo tu!

Na pai moja ya kopo moja la boga (gramu 425) inatosha vijiko vya chai 2 vya mchanganyiko, usizidishe. Kungumanga nayo usiibebe kwa mkono mzito, ikizidi sana inamlevya mtu na kumwumiza tumbo, watoto hasa.

Haya mambo huku siyo mageni, kampuni ya McCormick ilianza kuuza mchanganyiko huu tangu 1934, ila kelele za kila kitu kuwa cha boga zimekuja baada ya ile kahawa ya viungo vya boga ya mikahawa ya Starbucks ya 2003.

Mpemba_Wete

Assalam aleykum. Dada mi nazungumzia karafuu maana nimezaliwa chini ya mikarafuu. Kabla hujasaga zimwage kwenye sinia uzichambue. Karafuu nzuri ina kichwa chake, ukiibinya kwa ukucha inatoa mafuta na ukucha unabaki unanukia. Ikiwa vijiti vimechanganyika, hivyo ni makonyo, vina ukali lakini harufu ni kidogo, vitoe. Ukitaka kujua zaidi tia chache kwenye glasi ya maji, nzuri inazama au inasimama wima kichwa juu, iliyokwisha mafuta inaelea imelala.

Kuhusu kukaanga, usikaange. Bizari ya pilau tunaikaanga kwa sababu bizari nyembamba na giligilani zinataka moto zitoe harufu, lakini karafuu na mdalasini vya kitamu ukivikaanga vinaingia uchungu wa kuungua. Sisi huku tunaanika juani kwenye jamvi basi. Kwa kuwa huko jua hakuna, weka oveni moto wa chini kabisa dakika 10, ili vikauke tu visagike, ukianza kusikia harufu kali toa.

Mdalasini wa magome manene usiutupe mzima kwenye mashine ya kusagia kahawa utaiua, uvunje kwanza na mchi kwenye kinu. Saga kila kiungo peke yake, chekecha, ndo upime. Ukipima vizima vipimo havilingani maana gome la mdalasini limejaa hewa katikati. Kungumanga kwaruza siku ile ile unayotumia kama unaweza. Halafu usihifadhi kwenye plastiki, mafuta ya karafuu yanaila plastiki mpaka inakuwa na ukungu, tafuta chupa ya glasi.

mama_wa_Kisauni

Nyie mbona mwaisahau iliki? Mimi niko Mombasa, hiyo pai sijaila ila boga nalijua, boga la nazi twalipika kila Ramadhani, boga lapikwa na tui, sukari, iliki na kijiti cha mdalasini, na ukilila la moto hutaki kitu kingine. Kwa hivyo mimi naona ungetoa hiyo allspice ya Wajamaika ukaweka iliki kijiko cha chai kimoja na nusu, na maziwa ya kopo ukaweka tui zito. Hao wazungu wa kazini wataonja kitu hawajawahi kuonja, na wewe utakuwa umepika cha kwenu.

Na boga usinunue lile kubwa la kuchongwa macho na mdomo, hilo lina maji na nyuzi. Dada yangu yuko Uingereza aliniambia anachukua lile la umbo la chupa, butternut, analikata mbili analiweka kwenye oveni kifudifudi mpaka laini, analikamua kwa kitambaa ndio analiponda.

kijana_wa_chai

Samahani naingilia, mi huwa natia mdalasini wa unga kwenye kahawa ya maziwa lakini chini ya kikombe kunakuwa na ute kama bamia, ni viungo vibovu au?

Shangazi_Toronto

Siyo vibovu mdogo wangu, mdalasini wa unga ukikaa kwenye kitu cha moto unavuta maji ukawa ute, ndo tabia yake. Kwa kahawa chemsha viungo vizima na maji na sukari kiasi kile kile mpaka viwe asali asali, chuja, weka kwenye friji, utakuwa unatia kijiko kimoja kimoja.

@DadaWaMinnesota ule mchanganyiko wako mchungu usiutupe! Karafuu ulizoweka vijiko vikubwa 2 zinataka mdalasini vijiko vikubwa 12, kwa hiyo ongeza 11, tangawizi ongeza vijiko vya chai 5, kungumanga 5 pia, na allspice au iliki vijiko vikubwa 2. Utapata chupa kubwa, wagawie majirani.

DadaWaMinnesota

Nimerudi. Nimeurekebisha kama alivyosema shangazi, mdalasini wa mama umeisha wote lakini karafuu zimeokoka. Sikupata allspice nikaweka iliki ya @mama_wa_Kisauni na tui zito la kopo badala ya maziwa, boga nikalichoma nikalikamua kwenye kanga ya zamani, maji yaliyotoka yalijaa kikombe na nusu, nilishangaa. Moto wa juu dakika 15 (425 kwa vipimo vya huku) halafu nikashusha 350 kama dakika 50, katikati ikawa inatikisika kidogo tu kama maziwa mgando.

Leo asubuhi nimempa mwanangu kipande kabla sijabeba kazini. Amekula kimya, amemaliza, akaninusa mkono akasema mama unanukia kama bibi.

@Mpemba_Wete nimechambua zile zilizobaki, makonyo yalikuwa matatu tu. Nimempigia mama simu nikamwambia, amefurahi, anasema mwezi wa kumi na mbili kuna mtu anakuja huku, ataniletea mdalasini mwingine.