Daunpaipu ya turbo: nifunge bandeji ya joto au nipake seramiki?

Spana17

Wakuu, habari za kazi. Gari ni la petroli, injini ya lita 2.0 yenye turbo. Daunpaipu (paipu ya moshi inayotoka kwenye turbo) ya kiwandani imetolewa, ikawekwa ya stenlesi 304: kipenyo cha nje milimita 76, unene wa milimita 1.5, urefu karibu mita 1 kutoka turbo hadi katalisti (kisafisha moshi). Bati la kukinga joto lililokuja na gari haliingii tena kwa sababu paipu mpya ni nene.

Sasa ala ya nyaya za sensa zinazopita sentimita 4 kutoka kwenye paipu imekauka na kuanza kupasuka, na gari likikaa kwenye foleni, joto la hewa inayoingia kwenye injini linapanda sana. Nachagua kati ya bandeji ya joto (kitambaa cha kuzungushia paipu) na koti ya seramiki (rangi ya kuvumilia joto). Ipi inapunguza joto zaidi? Ni kweli bandeji inaozesha paipu? Na manifoldi (inayokusanya moshi wa silinda na kuupeleka kwenye turbo), ambayo ni ya chuma cha kalibu, niifunge pia?

MkonoWaGrisi

Mkuu, tenganisha mambo mawili kwanza. Kabla ya turbo, joto ni nguvu: moshi ukifika kwenye tabini (gurudumu la turbo linalozungushwa na moshi) ukiwa wa moto, turbo inaamka mapema. Baada ya turbo kazi hiyo imeshaisha. Kwenye daunpaipu unachotafuta ni kuokoa vitu vya jirani na kupunguza joto chini ya boneti, kwa hiyo usitegemee nguvu za kuonekana.

Kwa kupunguza joto la nje, bandeji inaishinda seramiki. Koti ya seramiki ina unene wa maikroni 25 hadi 50 tu, na kitu chembamba hivyo hakiwezi kuzuia joto kama kitambaa. Faida yake kubwa ni kulinda chuma kisiungue wala kushika kutu, pamoja na kupunguza kiasi fulani cha joto linalorushwa na uso wa paipu. Hata hivyo usiidharau. Joto la mnururisho hufuata kipeo cha nne cha halijoto kamili (ya Kelvini), kwa hiyo uso ukishuka kutoka nyuzi 600 hadi 500 za Selsiasi, joto linalorushwa hupungua kwa karibu 40%.

Kuhusu kuoza, ndiyo, bandeji inaozesha, lakini inategemea chuma. Paipu isiyofungwa hupoteza joto pande zote, hivyo chuma chake hukaa na joto la chini kuliko moshi unaopita ndani. Ukiifunga, chuma kinapanda kuukaribia moshi wenyewe. Chuma cha kawaida hapo hutoa magamba haraka, na gari likipoa kitambaa kinashikilia maji na chumvi juu yake. Stenlesi 304 inavumilia zaidi, ila nayo ina ugonjwa wake: ikikaa muda mrefu kati ya nyuzi 425 na 815, kromiamu hujishika na kaboni kwenye mipaka ya chembe za chuma, na sehemu za kando ya weldi hubaki bila kinga. Ufa huanzia hapo. Stenlesi 321 ina titaniamu ya kuzuia hilo, na 304L ina kaboni kidogo. Kama daunpaipu bado haijatengenezwa, chagua mojawapo ya hizo.

Halafu kuna kutanuka. Mita 1 ya 304 ikitoka nyuzi 20 hadi 700 inarefuka kwa takriban milimita 12. Kama hakuna fleksi (kipande cha paipu kinachojikunja) kati ya turbo na mabano ya kwanza, milimita hizo zote zinasukuma flanji ya turbo (bamba la kuungia paipu). Bandeji inaongeza tatizo hilo, haianzishi.

Ushauri wangu: paka seramiki nje, kisha tengeneza bati jipya lenye nafasi ya hewa. Bati ndilo litakalookoa nyaya zako.

Bolti_M8

Nakubaliana na mkuu hapo juu kuhusu chuma, ila simfuati kwenye uamuzi. Sentimita 4 ni chache, na bati linahitaji nafasi pande zake zote mbili. Pale lisipoingia, bandeji iliyofungwa vizuri ndiyo dawa. Nyingi zinaharibika kwa sababu ya ufungaji mbovu.

Chukua ya basalti, upana wa milimita 50. Ya nyuzi za kioo ni rahisi kupata, lakini karibu na turbo huwa inakauka na kukatika mapema. Hesabu ya urefu: mzunguko mmoja kwenye paipu yako unakula karibu sentimita 24. Ukipandisha tabaka kwa milimita 12, kila mzunguko unasogea milimita 38, kwa hiyo mita 1 inataka mizunguko 26 au 27, yaani mita 6.4 hivi. Rola la mita 10 linatosha na linabaki. Usipandishe nusu kwa nusu ukidhani unaongeza kinga. Unakuwa umefunga tabaka mbili, na chuma kinazidi kuumia.

Toa paipu kwenye gari. Isafishe mafuta yote, maana alama ya vidole vyenye grisi tu huungua na kuacha doa. Vaa glavu, mikono mirefu na barakoa, nyuzi zile zinawasha vibaya. Kama mtengenezaji anataka kitambaa kiloweshwe, kiloweshe kwa maji safi na ukikamue. Anzia chini, upande wa katalisti, ukipanda kuelekea turbo, ili kila tabaka la juu lifunike la chini na maji yateremke kama kwenye vigae. Vuta kwa nguvu wakati wote. Kwenye kona, upande wa ndani tabaka zitajazana na wa nje zitaachana, kwa hiyo pima mpandano wako kwa upande wa nje. Mwanzo na mwisho funga kwa klipu za stenlesi, na katikati weka moja kila sentimita 20 au 25. Klipu za plastiki au waya laini wa kufungia havifai.

Acha wazi flanji, klempu ya turbo, na fleksi nzima. Fleksi ikifungwa haichezi, na mikunjo yake inapika ndani kwa ndani hadi ikatike. Kwenye sensa ya oksijeni acha milimita 25 kuizunguka, kwa sababu mwili wake unapozwa na hewa na mpira wa nyaya zake ukiyeyuka sensa imekwisha. Katalisti usiiguse.

Mara ya kwanza itatoa moshi, usishtuke. Washa ukiwa nje, iache iungurume bila kukanyaga mafuta dakika 10 hadi 15, zima, ipoe kabisa, rudia mara mbili, halafu kaza klipu upya. Zitakuwa zimelegea.

Kubwa kuliko yote: kagua bomba la mafuta ya turbo na washa zake za shaba kabla ya kufunga. Bandeji iliyonyonya mafuta inawaka moto. Ikilowa mafuta, ing'oe na uweke mpya, haioshwi.

Spana17

Shukrani wakuu. Bado manifoldi. Na je, nikishapaka seramiki naweza kufunga bandeji juu yake? Fundi mmoja anasema apake na ndani ya paipu.

MkonoWaGrisi

Manifoldi ya chuma cha kalibu usiifunge. Kwenye petroli moshi wa pale unaweza kupita nyuzi 900, na chuma hicho kikikosa mahali pa kutolea joto kinapinda, kinavunja stadi (bolti zisizo na kichwa) au kinapasuka katikati ya matundu. Rudisha bati lake la kiwandani. Kwa turbo yenyewe kuna blanketi, lakini livalishwe haozingi (kasha) ya tabini peke yake. Likifika kwenye sehemu ya katikati yenye beringi, mafuta yanageuka kaa gari likizimwa. Upande wa kompresa (unaosukuma hewa kwenda kwenye injini) hauhitaji joto hata kidogo. Angalia pia mkono wa westigeti (vali inayopitisha moshi uliozidi pembeni ya tabini) ucheze bila kugusa kitambaa.

Seramiki ya ndani inafanya kazi ikiwa imeshika vizuri. Isiposhika inabanduka, na kwenye daunpaipu vipande vinaenda kuziba katalisti. Kwenye manifoldi ni balaa zaidi, vinapiga mapanga ya tabini. Kwa paipu iliyokwisha tumika mimi ningepaka nje tu.

Muulize fundi hatua zake. Kuchomelea kote kumalizike kwanza. Kisha paipu ichomwe kwenye oveni ili mafuta yatoke, ipigwe chenga za oksidi ya alumini hadi uso uwe mkwaruzo sawasawa (shanga za kioo zinaulainisha, rangi haishiki), na baada ya hapo isiguswe kwa mkono mtupu. Mikato ya skrubu ya kufungia sensa na nyuso za flanji zizibwe. Aulizwe pia kiwango cha joto cha koti: zile zinazong'aa kama kromu nyingi zinaishia karibu nyuzi 700, na hiyo ni ndogo mno kwa sehemu iliyo karibu na turbo. Akikuambia atapaka nene ili idumu, tafuta mwingine, nene ndiyo inayopasuka.

Bandeji juu ya seramiki inaruhusiwa, na koti husaidia chuma kisiguswe na unyevu. Subiri tu koti ikauke kwa mizunguko ya joto ambayo mtengenezaji ameandika. Ila joto la chuma bado litapanda, kwa hiyo funga kipande kinachopita karibu na nyaya, si mita nzima.

Bolti_M8

Hapo tumekutana. Na kabla ya yote hayo sogeza nyaya. Mara nyingi kuna stadi au bolti upande wa juu ya giaboksi ya kushikia kibano, na kutoka sentimita 4 kwenda 10 kunaleta tofauti kubwa bila kugusa ekzosi. Ala iliyopasuka ibadilishwe kwa soksi ya nyuzi za kioo yenye karatasi ya alumini inayotazama paipu, isiyogusana nayo.

Nafasi ikipatikana, bati liwe stenlesi ya milimita 0.5, likae milimita 10 hadi 15 kutoka kwenye paipu kwa vishikio vitatu au vinne tu, maana kila mguso unapitisha joto. Liwe wazi juu na chini ili hewa ipande. Alumini tupu usiiweke karibu na turbo, inayeyuka kwenye nyuzi 660.