Nimetoka mashamba ya maua Arusha, sasa niko Colorado: nitajuanaje na watu wa kilimo halali cha bangi?

Mwanamaua

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo.

Niko Aurora, Colorado, huu mwaka wa tatu, kwa grinikadi. Nyumbani nilisoma kilimo cha bustani chuo kikuu cha kilimo SUA, Morogoro, kisha nikafanya kazi miaka sita kwenye shamba la krisanthemamu upande wa Usa River. Hatukuuza maua, tuliuza vipandikizi: unakata ncha za miche mama asubuhi, mchana zinahesabiwa na kufungwa, usiku ziko uwanja wa ndege. Nilikuwa msimamizi wa banda la miche mama.

Hapa nalea wazee zamu ya usiku. Ni kazi ya heshima na imenilisha, ila kila nikipita bustanini kwa watu naumia.

Sasa mwenzangu wa zamu ana kijana anayekuza bangi kwenye grinihausi yenye leseni ya jimbo. Anasema wakulima wenzake hukutana Alhamisi moja kila mwezi kubadilishana ujuzi, na amenikaribisha. Nimekua nikijua bangi ni polisi na aibu. Huku ina leseni, ina kodi na wakaguzi, na nimeona watu wanaiheshimu kama taaluma nyingine yoyote. Naomba mwongozo kwa waliotangulia: mtu asiyejulikana anaingiaje? Nichapishe kadi zenye jina langu? Nijitambulishe vipi wakati kazi yangu ya sasa si ya shamba? Nasikia pia kuna maonyesho makubwa Las Vegas kila mwisho wa mwaka na kiingilio ni mamia ya dola. Nianze kuweka akiba?

Na lingine linaninyima usingizi: watu wa kanisani kwetu wakisikia.

Mama Tumaini

Mdogo wangu, kabla ya kadi na nguo, nisikilize. Usiajiriwe huko ukiwa bado hujawa raia.

Colorado ilipiga kura kuhalalisha bangi 2012 na maduka yake yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2014, lakini uhamiaji si mambo ya jimbo, ni ya serikali kuu, na huko bangi bado ni dawa ya kulevya. Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ilitoa mwongozo ulioandika wazi kwamba kazi ya bangi, hata pale jimbo linaporuhusu, inaweza kukufanya uhesabiwe huna mwenendo mwema wa kupewa uraia. Mwezi huohuo meya wa Denver wa wakati ule, Michael Hancock, alimwandikia mwanasheria mkuu wa Marekani kuwatetea wahamiaji wawili waliokwama kwa sababu hiyo.

Mimi sikuyajua haya. Nilifunga pakiti miezi saba, nikiwa na beji ya jimbo shingoni, nikikatwa kodi kila malipo. Nilipoenda kwa wakili kujaza fomu za uraia, alifika kwenye orodha ya kazi nilizofanya akaweka kalamu chini. Akanishauri nihesabu miaka mitano tangu siku yangu ya mwisho pale ndipo niombe. Bado nahesabu. Mama yangu alipofariki Bukavu, wakili akaniambia nikitoka nje ya nchi naweza kuzuiwa nikirudi. Nina watoto watatu hapa. Sikwenda kumzika.

Kwa hiyo dada, wakili kwanza.

Mzee wa Naivasha

Mama Tumaini, pole sana. Hayo ungeyaweka mlangoni mwa kila ofisi ya ajira huku Denver.

Mwanamaua, mimi nimekuwa raia muda mrefu, na ni mwaka wa nane nashughulikia wadudu na magonjwa kwenye grinihausi za bangi. Kabla ya hapo nilikuwa kwenye waridi, Naivasha, kwa hiyo tunafahamiana hata kama hatujaonana.

Alichosema mama ndicho sheria. Lakini kujuana na watu na kuajiriwa ni vitu viwili tofauti. Muulize wakili wa uhamiaji, ulipie hiyo saa moja, na akikubali, Alhamisi nenda ukasikilize. Usivute, usionje, usibebe chochote. Wakikuomba uwasaidie hata siku moja bila malipo, kataa kwa adabu. Hata kukiri tu kwa afisa kwamba uliwahi kutumia kunaweza kukuponza, kwa hiyo usijiweke mahali pa kuja kuulizwa.

Sasa nije kwenye lile ambalo naona hujalijua. Unajiuliza utajitambulisha vipi, na umeshajitambulisha tayari kwenye aya yako ya pili: banda la miche mama.

Bangi ya biashara nayo huzalishwa kwa vipandikizi. Unachagua mche mama mmoja mzuri, unakata mamia ya watoto wake. Na kuna viroidi ya hopsi (viroidi ni kiini cha ugonjwa wa mimea, kidogo kuliko virusi), ambayo 2019 watafiti walithibitisha kuwa imeingia kwenye bangi huko California. Mche mama unaonekana mzima kabisa, majani ya kijani, kumbe umebeba. Watoto wakifika kwenye maua ndipo unaona: wamedumaa, mashina yanavunjika ovyo, utomvu ambao ndio pesa yenyewe hakuna. Inatembea kwa mkasi. Wewe kwenye krisanthemamu si mlikuwa na viroidi ya kudumaza? Viroidi hizo mbili ni ndugu. Wenzetu wengi huku walianza kukuza kwenye vyumba vya chini vya nyumba zao. Wanajua mmea wao kwa mapenzi makubwa, ninawaheshimu, lakini nidhamu ya kukata vipandikizi laki kwa wiki bila kuhamisha ugonjwa hawakulelewa nayo. Wewe umelelewa nayo. Hata suala la mwanga: krisanthemamu hutoa maua usiku ukiwa mrefu, na bangi vilevile. Nyinyi mlikuwa mkiwasha taa katikati ya usiku kuzuia maua kwenye miche mama. Kitu kilekile.

Nikuambie mimi nilivyojuana na watu. Kuna mwaka chumba chetu cha miche mama kilianza kuharibika na hatukujua kwa nini. Nilikuwa na namba ya bwana mmoja niliyekaa naye meza moja kwenye siku ya mafunzo ya wauzaji wa wadudu rafiki, wale wanaouza utitiri unaokula utitiri. Nikampigia usiku. Akaniambia nipeleke mizizi maabara, si majani, kwa sababu kwenye majani viroidi inaweza isionekane. Alikuwa sahihi, tulitupa karibu chumba kizima. Baada ya miezi michache yeye akanipigia kuhusu kitu kingine, nikamsaidia. Kazi niliyonayo leo ilitoka kwake. Hatukuwahi kupeana kadi.

Las Vegas nimekwenda mara mbili. Ukiwa unauza taa, mashine au vifungashio, nenda. Mkulima atatembea siku tatu akirudi na mfuko wa kalamu. Kile chama cha kitaifa cha sekta, kilichoanzishwa 2010, kimejengwa zaidi kwa wenye kampuni. Na usije ukadanganywa na mtu anayekwambia utapata leseni ya upendeleo kwa kuwa ni mweusi: Colorado njia kuu za kustahili ni uwe umeishi miaka 15 kati ya 1980 na 2010 kwenye mitaa iliyoumizwa zaidi na vita dhidi ya dawa za kulevya, au wewe au mtu wa familia yako awe amekamatwa kwa bangi, au kipato cha nyumba kiwe chini ya kiwango fulani. Soma masharti mwenyewe.

Jua pia hali ya soko. Mauzo ya jimbo yalifika kama dola bilioni 2.2 mwaka 2021, na 2024 yalikuwa kama bilioni 1.4. Wakulima wengi wameachishwa kazi. Ukiingia pale ukisema natafuta kazi, utakuwa wa kumi usiku huo. Ingia na swali la shambani.

Ushauri wangu: tafuta sasa kazi kwenye grinihausi za maua ya bustani, petunia na wenzake. Colorado zipo, na kila masika huhitaji watu wa vipandikizi. Wauza wadudu ni walewale, maabara ni zilezile, na wataalamu wa chuo kikuu cha jimbo wanaotembelea maua ndio utakaowakuta kwenye mafunzo. Utajulikana kwa ujuzi wako huku makaratasi yako yakiwa safi. Ukishakula kiapo, utaamua mwenyewe.

Bin Saidi

Dada, la kanisani: kamwambie mchungaji mwenyewe kabla hajaambiwa, umweleze hasa unachofanya na usichofanya. Mimi msikitini nilifanya hivyo kwa imamu nilipokuwa dereva wa kampuni ya mbolea iliyokuwa ikiwauzia hao wakulima. Hakufurahi, ila hakuna aliyenisema tena pembeni. Na nyumbani usitume mbegu wala mafuta hata ndugu akilia. Tanzania sheria ya 2015 ya dawa za kulevya ni kali.

Mwanamaua

Nimerudi. Mama Tumaini, nimesoma ujumbe wako mara nyingi, Mungu akufariji. Nilikwenda kwa wakili Jumanne. Amesema yaleyale, na akaniruhusu kwenda kusikiliza tu.

Alhamisi tulikuwa kama watu ishirini. Sikuwa na kadi. Kijana mmoja alikuwa akilalamika kuwa miche yake inadumaa, nikamuuliza anakata miche mama mingapi kabla ya kuosha mkasi. Akasema anaosha jioni. Tukakaa pembeni karibu saa nzima, nikamchorea kwenye karatasi tulivyokuwa tukifanya: mikasi miwili kwa kila mkataji, mmoja mkononi, mwingine umelowa, unabadilisha kila mche. Dada mmoja aliyekuwa akisikiliza anafanya kazi grinihausi ya petunia kaskazini ya Denver. Amenipa namba, naenda kuwatembelea Jumatatu.

Mzee, swali moja. Sisi tulikuwa na dawa maalumu iliyoletwa na wenye shamba. Nyinyi mnalowesha kwenye nini?

Mzee wa Naivasha

Jiki ya dukani, sehemu moja kwa maji sehemu tisa, mkasi ukae angalau dakika moja. Ichanganye upya kila siku, na jioni suuza vizuri, inakula chuma. Pombe haiui viroidi, usikubali wakikuambia inatosha. Jumatatu ukifika, omba wakuonyeshe banda la miche mama kwanza.