Mrejesho: trekta dogo la bonde la mpunga, Pemba

Assalaam alaykum. Niliuliza nichukue Kubota L3408 ya nguvu farasi 34 au L4508 ya 45, na kwa nini bei za wauzaji zinapishana hivyo. Ahsanteni nyote mlionijibu.

Kumbe mmoja alinitajia trekta tupu, mwengine na rotaveta yake, ile mashine ya kufungwa nyuma ya kuvurugia udongo. Nikawaomba wote waniandikie kitu kimoja: trekta, rotaveta, magurudumu ya chuma ya matopeni, kodi, na kuvushwa mpaka bandari ya Mkoani. Wallahi, aliyekuwa rahisi kuliko wote akawa ghali kupita wote!

Nimechagua 34. Udongo wetu ni kinamo, maji yakishajaa chombo kizito kinadidimia, na vijaruba vyetu ni vidogo, kugeuza tabu. Mwenye shamba kavu na tela la kukodisha, 45 itamfaa zaidi.

Fundi alinionesha sili za ekseli ya mbele, yaani vizibo vya mpira vya kuzuia oili isitoke: zikivuja, maji yanaingia, oili inageuka rangi ya maziwa. Chungulieni hapo kwanza, hasa kwa trekta lililokwishatumika.

Kwa Chake Chake, sili hizo zapatikana kwa nani?